Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: niliomba taa, mkanitangaza

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FOMU YA HIARI NA TAA YA MEZANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, ingawa barua zangu tatu zilizoanza hivi hivi, za Machi, Mei na Agosti, zimo kwenye jalada la vifaa vya ofisi, folio 41, 44 na 52, bila dokezo lako hata moja. Nina uhakika. Jalada hilo nalitunza mimi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa masjala ya wazi, mwaka wa 11 sasa. Nina glakoma, ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Kwangu haijawahi kuuma. Inakula uoni kuanzia pembeni, taratibu, kama mtu anayekunja jamvi kutoka ukingoni huku nyie bado mmekaa katikati. Kilichokwenda hakirudi, matone ninayoweka kila usiku yanalinda kilichobaki tu. Siku ya jua nafanya kazi kama mtu yeyote. Ikifika saa kumi jioni, au wingu likitanda, namba za majalada zinayeyuka na mimi nabaki napapasa rafu kwa vidole. Nilificha kwa miaka. Hata kwenye sensa ya Agosti 2022, karani aliponiuliza kama napata shida ya kuona, nilimjibu hapana nikimkazia macho, maana mama mkwe alikuwa mkekani anasikiliza.

Ndipo Februari ikaja fomu yenu, kurasa mbili. Juu: KWA HIARI. Chini: SIRI. Afisa Utumishi alituita ukumbini akatusomea kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 na kuendelea ahakikishe walau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Akaongeza kuwa tusiogope, tukijitaja halmashauri itajua tunahitaji nini. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikamata. Kwenye kisanduku cha mahitaji niliandika mambo mawili: taa ya mezani, na meza yangu isogezwe dirishani. Aliyeipokea fomu alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani akaniuliza, "Mbona unatembea?"

Mlinzi wetu wa getini hakujaza. Ni askari mstaafu wa JWTZ, sote tunamwita Afande, na sikio lake la kushoto lilibaki kwenye mizinga. Nilimbembeleza ajitaje, nikamwambia ni siri. Akacheka. "Mwanangu, udhaifu wako mtajie daktari. Ukimtajia karani, atautafutia safu ya kuuandika." Nikamwona mzee wa zamani.

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, orodha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wote. Jina, cheo, namba ya simu, na safu ya mwisho, Afande alikuwa sahihi kabisa: "Aina ya ulemavu." Mimi ni namba 17. Nimeandikwa "kipofu kiasi". Kiasi, kama chumvi kwenye mboga.

Tuko 38 kwenye orodha hiyo. Nimepiga hesabu: watumishi ni 1,200, asilimia 3 yake ni 36. Pongezi, Ndugu Mkurugenzi, tumevuka lengo kwa watu wawili. Nahisi, ushahidi sina, kwamba haraka yote ile ilitokana na wageni wa mkoa waliokuja Alhamisi. Ilitakiwa namba ya kuwasomea, na aliyetumwa kuitafuta akabonyeza pasipobonyezwa. Ujumbe ulifutwa baada ya dakika 40. Saa saba mchana wifi yangu aliyeko Songea, ambaye hajawahi kukanyaga halmashauri hii, alikuwa ameshaniandikia: "Wifi, kumbe?"

Mume wangu alijua. Watoto hawakujua. Binti yangu wa darasa la sita aliambiwa shuleni na mtoto wa mtumishi mwenzetu kwamba mama yake ni kipofu. Alirudi nyumbani, akasimama mbele yangu, akaninyooshea vidole vitatu, akaniuliza ni vingapi.

Naomba tukumbushane, kwa heshima. Tuna masjala mbili hapa. Ya siri ina mlango wa chuma, na miaka yote 11 mimi sijaruhusiwa kuingia. Ya wazi ni ya kwangu, na hata huko anayetaka jalada la ujenzi wa choo cha mnada anasaini daftari kwanza. Macho yangu hayakupata hata heshima ya choo cha mnada. Hakuna aliyesaini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Tume ya kupokea malalamiko ipo, Rais mwenyewe aliizindua Aprili 2024. Sijaenda huko. Bado nakuandikia wewe.

Jumatano nikakabidhiwa barua ya kuhamia ofisi ya kata, kilomita 46 za vumbi, "kwa kuzingatia hali yako ya kiafya". Umeme wa pale ni wa sola, na jioni huwa umeshachoka. Inawezekana uhamisho ulipangwa kabla ya orodha. Inawezekana ni yale majalada mawili yaliyochelewa Julai. Lakini mtu aliomba mwanga, Ndugu Mkurugenzi, na kwa kuzingatia afya yake mkampeleka gizani.

Afande hajaniambia "si nilikwambia". Siku hizi nikitoka jioni ananimulikia tochi mpaka kituo cha bajaji, haongei.

Ninachoomba: uhamisho usitishwe. Wote 38 tuombwe radhi kwa maandishi, maana wamo wenye hali nzito kuliko yangu, ambazo hata ndugu zao hawakuzijua. Orodha ifutwe, ingawa najua ikishaingia kwenye simu za watu haifutiki. Na taa. Nimeulizia stendi, ile ya kubana mezani ni shilingi 25,000.

Utauliza kwa nini nisijinunulie. Nilijinunulia. Mwezi Juni niliambiwa hairuhusiwi kuchomeka ofisini kifaa cha umeme ambacho si mali ya halmashauri, nikairudisha nyumbani, na sasa binti yangu anaisomea. Kwa hiyo kama radhi ni ngumu, na uhamisho mkubwa mno kuujadili na mtu wa cheo changu, basi naomba hili moja: ruhusa ya kuchomeka taa yangu mwenyewe. Soketi ipo, nyuma ya kabati, upande wa kulia. Naomba ruhusa ya kuchomeka taa.

Nawasilisha.

Namba 17
Masjala ya Wazi

Nakala: Jalada la vifaa vya ofisi, folio 53