Barua ya wazi: Mheshimiwa, tuwekee boya

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Usalama wa Vyombo vya Majini,

Salamu na heshima zitangulie. Hii ni barua yangu ya nne kwako. Tatu za mwanzo nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala ninazo. Hii naiandika hadharani kwa sababu usiku wa kuamkia Jumapili chombo kingine kimepanda juu ya ile meli iliyozama kwenye mlango wa kuingilia bandarini.

Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwaokoa. Walikuwa watano, wanarudi kutoka kuvua, taa zao zinawaka. Nahodha wao hakuwa amelewa wala hakusinzia. Nalisema mapema kwa kuwa najua litaulizwa. Mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, ulikuwa umepasuka na maji yamefika magotini. Wanne walikuwa wanayakumba kwa ndoo na sufuria. Wa tano, kijana mdogo kuliko wote, alikuwa amekaa juu ya nyavu, mkono wa kushoto umevunjika na kufungwa kwa shati, wa kulia anakumbia maji kwa kopo. Hakulia hata tulipombeba.

Mheshimiwa, ulifika kwetu. Ulisimama gatini mwenyewe ukatuahidi kwamba ndani ya siku thelathini pale patakuwa na boya lenye taa. Tulikupigia makofi, nami nilikuwa mmoja wao. Sasa ni miezi kumi na minne.

Mwanzo ofisi yako iliniambia huenda ni mwamba. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa na wazee: nikaipaka bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, mafuta mazito chini ili yanase kilichopo, nikasubiri maji yapwe siku ya bamvua, yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, nikaiteremsha pale ambapo maji huchemka juu bila upepo. Mara tatu. Kina hakikufika pima mbili (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na pembeni tu ya hapo ni pima saba. Bildi ilirudi na magamba ya kutu na kipande cha rangi nyekundu, ile inayopakwa matumbo ya meli. Mwamba haupakwi rangi. Nilivifunga vile vipande kwenye karatasi nikavileta pamoja na barua ya pili. Sijui viko kwenye droo ya nani.

Baada ya hapo jibu likageuka. Ikawa meli ni kweli ipo, lakini haijatambulika: haina jina, mwenyewe hajulikani, hivyo hakuna wa kudaiwa gharama. Mimi nadhani ni tishali, chombo cha mizigo cha kuvutwa, lililokatika kamba likivutwa usiku wa dhoruba, na waliolivuta wakanyamaza kwa kuogopa kulipa. Naweza kuwa nimekosea. Lakini jina linamsaidia nini nahodha anayeingia gizani? Chuma kinapasua mbao, kiwe na jina au kisiwe nalo.

Upo Mkataba wa Kimataifa wa Nairobi kuhusu Uondoaji wa Mabaki ya Meli, wa mwaka 2007, ulioanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Gharama unazibebesha kwa mwenye meli, sawa. Lakini kazi ya kuwatahadharisha mabaharia kwa haraka, na ya kuhakikisha mabaki ya hatari yanawekewa alama, umeikabidhi serikali iliyoathirika. Haukusema ingoje mpaka mwenyewe apatikane.

Na wenye bahari zao wamejifunza kwa uchungu. Januari 1971, katika mlango bahari wa Dover, meli ya mafuta Texaco Caribbean iligongwa ikazama. Kesho yake Brandenburg ikapita juu yake, nayo ikazama. Februari ikafuata Niki, na hakunusurika hata mtu mmoja. Desemba 2002, katika maji hayohayo baina ya Uingereza na Ufaransa, ikazama Tricolor iliyobeba magari. Jina lake lilijulikana, mahali pake palijulikana, na vyombo vya doria vilikuwa vikiilinda. Hata hivyo meli Nicola iliigonga siku chache tu baadaye, na siku ya mwaka mpya ikaigonga Vicky, meli ya mafuta. Ikiwa yenye jina na walinzi iligongwa mara mbili, yetu isiyo na hata dumu la kuelea itagongwa mara ngapi?

Baada ya Tricolor ndipo likabuniwa boya la dharura kwa kazi hii hasa: mistari ya wima ya buluu na njano, na taa inayomweka buluu, kisha njano, kwa kupokezana. Linawekwa kwanza, uchunguzi unafuata. Hilo ndilo tunaloliomba.

Dumu tulijaribu. Tulifunga madumu matatu ya njano kwa kamba na jiwe. Yalikaa bamvua mbili, mkondo ukayachukua.

Chombo changu mimi kiligonga pale mwaka jana. Usukani uling'oka, taruma nne, zile mbavu za chombo, zikavunjika, na mpaka leo kimepandishwa juu ya magogo, mbao zinakauka na kuachana. Mabaharia wangu wawili wamehamia kazi nyingine. Mkopo nilioununulia injini bado nadaiwa. Mwanangu wa kwanza alikuwa aanze kusafiri nami. Sasa mama yake hataki hata kusikia, na siwezi kumlaumu. Sisi wa hapa tunajua kupakwepa mchana, tunapatazamia kwa alama za nchi kavu. Usiku alama hazionekani. Na mgeni, atazijua wapi?

Nilikusudia kuomba mengi: mpimaji aje na sonari, mtambo unaopima chini ya maji kwa sauti, ramani irekebishwe, tangazo lisomwe redioni kila jioni, mwisho meli iondolewe. Yote hayo bado nayaomba, na yakichelewa nitavumilia. Kukosa boya hakuvumiliki, Mheshimiwa.

Ukiwa na shaka, njoo siku ya bamvua. Nitaazima mashua ya jirani nikupeleke maji yakipwa, uteremshe bildi kwa mkono wako mwenyewe. Lakini boya lisisubiri safari hiyo. Liwekwe wiki hii.

Wako kwa heshima,
Nahodha wa mashua iliyo juu ya magogo