Huduma kwa jamii ihesabiwe katika alama za mwanafunzi

Mhariri,

Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vilikuwa miongoni mwa taasisi zilizoshirikiana na wakazi kuandaa mipango ya maji, makazi na mengineyo. Huko ndiko kujifunza kwa kutumikia: mwanafunzi wa uhandisi humsikiliza mama anayenunua maji kwa mtungi, kisha hurudi darasani kuyatafakari aliyoyasikia. Kuzoa taka asubuhi moja na kupigwa picha ni jambo tofauti kabisa. Naviomba vyuo vyetu viipe kazi ya kujifunza kwa kutumikia alama na mhadhiri wa kuisimamia, na wakazi waulizwe kwanza wanahitaji nini, kisha warudishiwe matokeo kwa lugha wanayoielewa.

Mhadhiri,
Nairobi