Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha baiskeli: mwaka wa lami, mkonge na geti lililofungwa

Assalam alaykum, Bwana asifiwe, na nyie wengine habari za siku nyingi. Katibu kanikumbusha hii taarifa mara tatu, ya tatu kaja kunikumbusha nyumbani mbele ya mke wangu, kwa hiyo imebidi nikae niandike. Mambo ya hela sigusi, mweka hazina ana daftari lake atalisoma mwenyewe siku ya mkutano. Mimi nasema ya barabarani tu.

La kwanza ni lami. Tukubali jamani, barabara ya Pangani tumeshaipoteza. Enzi zile ukishatoka Tanga mjini ukaipita Tongoni ni vumbi mwanzo mwisho, gari moja moja, ukisikia basi linakuja nyuma unashuka pembeni unajifunika kitambaa unasubiri vumbi litulie unapanda tena unaendelea zako. Sasa hivi hizo kilomita 50 kipande kikubwa ni lami, na lami ikija mwendo nao unakuja, Noah zinakupita mpaka hendeli inatikisika. Sisemi lami mbaya, msije mkaninukuu vibaya, mama wa Kigombe anayewahishwa hospitali usiku hana habari na raha zetu za jumapili. Na lile daraja la Mto Pangani la mita 525 likishaanza kupitisha magari ndo njia ya Bagamoyo mpaka Tanga imekua moja, na malori yote ya huko yatapita hapa hapa. Wa kuhama ni sisi.

Tumehamia wapi mnajua, kwenye mkonge. Wanachama wapya huwa wananiuliza mbona mkoa wetu una njia nyingi hivi za udongo zilizonyooka na hazina magari, jibu ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikapitia Hamburg, iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe huko Pangani. Kutoka hiyo 62 mpaka miaka ya sitini tukawa tunaongoza dunia, 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000. Na mkonge haubebwi kichwani, majani ni mazito, kwa hiyo kila kitalu kilichongewa barabara yake, na kwingine waliweka vireli vyembamba vya troli za kupeleka majani korona, yaani kwenye mashine ya kuyachakata. Vyuma vile vingi vimeng'olewa zamani vikaishia kwa wanunua chakavu ila tuta limebaki, na tuta la troli halina mlima manake troli haipandi mlima, sasa niambie mwendesha baiskeli anataka nini zaidi hapo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi umande bado upo, mkonge umesimama kulia na kushoto kwa mistari kama umepigiwa rula, unasikia tairi lako tu na kwale wakiruka. Ukikaribia korona pua itakwambia yenyewe, yale makapi yakichacha ni shughuli, halafu mbele yake singa, nyuzi za mkonge, zimeanikwa nyeupe kama nguo za harusi.

Sasa nije kwenye lililoniumiza. Mtakumbuka kabla ya vuli geti la shamba moja, jina nalihifadhi, lilifungwa kwa mnyororo na sisi tukafika pale na baiskeli zetu tukageuzwa kama wezi. Ilikuaje, mwenzetu mmoja (hayupo kwenye lawama, tulishaongea yakaisha) alirekodi ile ruti akaiweka Strava, ile app ya simu ambayo waendesha baiskeli wanaonyeshana njia, watu wasiotujua wala kuijua njia wakaiona, wakaja wiki mbili baadae na gari la kuwasindikiza na spika ya mziki juu. Gari! Kwenye njia tunayoipenda kwa sababu haina gari. Wakaingia wakatoka, geti wakaliacha wazi, ng'ombe wa watu wakaingia kwenye kitalu cha miche michanga wakakanyaga. Aliyebeba msala ni mlinzi wa pale, yule mzee ambaye kila jumapili anatuchekea na kutuuliza leo mnafika wapi. Mimi na katibu tulienda mara mbili kuomba radhi kwa kosa ambalo hata hatukulifanya. Mara ya kwanza tulikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka adhuhuri bila kuonana na meneja. Mara ya pili alitusikiliza, tena kwa uungwana, na makubaliano ndo haya tunayotembelea mpaka leo: jumapili tu, siku ambayo hakuna ukataji na matrekta hayapiti, majina yanaandikwa getini tunavyoingia na tunavyotoka, na mvua ikinyesha usiku hakuna kuingia, manake udongo mbichi tairi zinauchimba mifereji na trekta la jumatatu ndo linapata tabu.

Kwa hiyo naomba hili lieleweke kwa kila mtu, zile njia sio zetu. Hazina magari kwa sababu ni za mtu na huyo mtu katuruhusu kwa mdomo, hakuna karatasi. Mwenye simu au saa yake inayorekodi, ruti ya mkonge iweke iwe ya siri au usirekodi kabisa, na mwanachama atakayepitia nyuma ya geti mimi mwenyewe nitapendekeza akae pembeni. Najua kuna wanaoona nakaza sana. Sawa.

Pancha. Mwaka huu tumeziba sana, na nusu ya lawama ni ile miba ya ncha za majani, mkataji anapunguza ncha inabaki njiani imelala inakusubiri, nusu nyingine ni mbigili za kiangazi. Wenye tairi za tyublesi, zile zisizo na tyubu, na dawa ya kuziba ndani walikua wanapita wanatuangalia tu. Sisi wa tyubu tubebe mbili, pampu, na viraka, na acheni kujaza upepo kama mnaenda kupima mizigo, tairi la milimita 40 kwenye vumbi upepo wa psi 35 kwenye geji ya pampu unatosha kwa mtu wa kawaida, ukiweka 60 unarushwa kila kokoto. Sio lazima baiskeli ya gravel, zile za njia za vumbi, ya mamilioni pia, nyingi zetu ni za mtumba. Mzee wetu wa baiskeli ya Phoenix, gia moja, karia nyuma na dumu la lita tano la maji, safari ya Kigombe upepo wa kusi ulikua unatupiga usoni njia nzima vijana wa gia 22 wakajificha nyuma ya mgongo wake mpaka tumefika, halafu wakati wa kurudi upepo ukiwa nyuma ndo wakajifanya wana mbio.

Ushongo tulienda mara moja na nataka turudi. Tulivuka Mto Pangani kwa kivuko mpaka Bweni ng'ambo, tukashika udongo mwekundu, halafu ufukweni. Siri ya ufukwe ni maji, sio miguu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, kwetu maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na ule mchanga uliotoka kuachwa na bahari ni mgumu kama sakafu, unapeta, kaa wanakimbia mbele yako. Ukichelewa mpaka saa saba unasukuma baiskeli kwenye mchanga laini na jua la utosi, waliochelewa kwa sababu ya supu ya pweza wanajijua. Na chumvi haina msamaha jamani, ukirudi osha kwa maji baridi siku hiyo hiyo, kausha, tia oili kwenye cheni. Kuna mtu alilala kwanza, jumatano kaipeleka kwa fundi cheni imegoma imekua fimbo.

Upande wa Amboni na Kiomoni sina mengi, njia ziko vizuri ila bodaboda wameongezeka, wapigieni kengele na salamu, wengi wao ndo wanaotuvuta tukiharibikiwa. Masika tulipumzika kama kawaida.

Mwakani nimeomba kamati tutafute ruhusa ya shamba la pili ili tusitegemee geti moja, na safari hii iandikwe kwenye karatasi. Uchaguzi wa viongozi upo kwenye ajenda, nafasi yangu iko wazi na sitanuna. Mlinzi wetu tumempelekea sukari na mchele, asanteni mliochanga.

Na aliyeondoka na pampu ya chama siku ya Kigombe, ile nyeusi ya kusimama, airudishe kwa katibu kabla ya mkutano, hatutamuuliza kitu.