Harambee ya magodoro, na ya watu wa zamu

Wapendwa waumini,

Juzi kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kilifika kwa mama mmoja aliyelazwa na kiharusi. Binti yake alipomlaza ubavu ili tubadilishe shuka, tuliona chini ya kiuno, pale mfupa unapojitokeza, doa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Ngozi ilikuwa haijachubuka. Muuguzi wetu akapagusa: pana joto, pamekuwa pagumu. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, alituambia. Papase kwa mkono. Hicho tayari kilikuwa kidonda cha kulala.

Binti akalia. Kila siku alimwogesha mama yake na kumkanda mafuta, hata hapo penye doa. Hakuna aliyemwambia kwamba hapo hapakandwi, maana nyama ya ndani imeshaumia.

Sisi wazima hujigeuza usingizini bila kujua. Asiyeweza, ngozi yake hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa: makalioni, nyongani, visiginoni, hata kisogoni. Kikiachwa, kidonda huchimba hadi mfupani, na vijidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kuua. Kinga yake ni kazi ya mikono: kumgeuza takriban kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kumwinua bila kumburuta, kumkausha mara anapojisaidia, kumwekea mto chini ya vigimbi ili visigino visiguse kitanda, kumlisha vizuri, protini isikosekane.

Tunachangisha tununue magodoro ya hewa yenye pampu, ambayo kila nyumba itaazima na kurudisha, pamoja na mito, shuka za kumsogezea mgonjwa na vifaa vya kufungia vidonda. Tafadhali msilete mito ya duara yenye tundu katikati. Najua mnaileta kwa upendo, lakini ukingo wake hubana damu.

Hata hivyo godoro halimgeuzi mtu. Binti yule huamka usiku kucha peke yake, na asubuhi anakwenda kazini. Kwa hiyo tunaomba pia watu wa zamu. Muuguzi atawafundisha wote kabla hawajaanza.

Mweka hazina ana daftari la ahadi. Mpate baada ya ibada. Nyuma ya daftari hilo kuna orodha ya zamu, na nyumba ya mama huyo ndiyo ya kwanza. Usiku wa Jumanne na wa Ijumaa bado hauna jina.