Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majina ya Shina na Matawi

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba muda wenu kwa jambo lililotawala vikao vya kamati mwaka huu: majina ya shina na matawi katika maghala ya msimbo, yaani hifadhi za programu pamoja na historia ya mabadiliko yake, tunayoyatunza kwa pamoja. Shina ni mkondo mkuu wa kazi; tawi ni mkondo wa kando ambao baadaye huunganishwa na shina.

Shina letu sasa linaitwa "main". Baadhi yenu mlitetea "master" kuwa ndilo jina la asili, lakini shina limewahi kuitwa mengi. Subversion, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, iliwazoesha watu "trunk". Mercurial, mfumo mwingine wa aina hiyo, hutumia "default". "Master" ilikuja na Git, mfumo wa tatu, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na hata humo tawi, shina likiwemo, ni kielekezi tu cha badiliko la mwisho, liitwe liitwavyo. Toleo la 2.28 la Git, la Julai 2020, lilimwezesha mtumiaji kujichagulia jina la tawi la kwanza, na kuanzia 1 Oktoba 2020 GitHub, tovuti ya kuhifadhi maghala ya Git, ikayapa maghala mapya jina "main". Waliodai mabadiliko hayo walisema jina la zamani linakumbusha bwana na mtumwa. Naiunga mkono hoja yao kwa dhati. Jina linalomchoma mwenzetu, na ambalo likiondoka kazi haipungukiwi kitu, halina haki ya kubaki.

Kubadili jina ni amri moja. Kazi ilikuwa kwenye vyote vinavyolitegemea: hati za majaribio ya kiotomatiki, kanuni za ulinzi wa tawi, viungo ndani ya nyaraka. Nakala zilizo kwenye kompyuta zenu hazijui lolote mpaka mzielekeze upya wenyewe, na mtu akisukuma kazi, yaani akiituma kwenye seva, kwa jina la zamani, tawi lile huzaliwa tena huko. Ndiyo maana tumelizuia jina hilo kwenye maghala yote.

Matawi madogo yalitusumbua zaidi. "Jaribio2" na "mpya-kabisa" hayamwambii msomaji kitu. Sasa jina litaanza na aina ya kazi, kisha mkwaju (/), kisha maelezo mafupi: "rekebisho/tarehe-ya-risiti". Nafasi haziruhusiwi na Git yenyewe. Tumeagiza herufi ndogo tupu kwa sababu Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi "Risiti" na "risiti", na matawi mawili ya namna hiyo hugongana. Kumbukeni pia kwamba palipo na tawi "malipo", Git hukataa "malipo/risiti", kwani majina huyachukulia kama njia za faili: jina haliwezi kuwa faili na folda kwa pamoja.

Majina ya watu tumeyaondoa. Walioyapenda walisema yanaonyesha mwenye kazi, ila hilo tayari limeandikwa kwenye kila badiliko, na tawi lenye jina la mtu wengine huogopa kuligusa hata mwenyewe akiwa ameshahamia kazi nyingine.

Limebaki pendekezo moja linalohitaji kura yenu leo: tawi likishaunganishwa na shina lifutwe papo hapo, isipokuwa matawi ya matoleo tunayoendelea kuyahudumia. Mabadiliko yaliyounganishwa hayapotei. Yamo ndani ya historia ya shina. Kamati nzima inaliafiki. Katibu atalisoma neno kwa neno kabla hamjapiga kura.