Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Hadhi ya jiji hupimwa siku ya mvua

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Dar es Salaam ina treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, Daraja la Tanzanite, na bandari inayotegemewa na Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Jiji la watu 5,383,728, kwa sensa ya 2022, lina haki ya kutaka kutajwa pamoja na majiji makubwa ya dunia. Mwenye kiwanda anayechagua pa kuweka mtaji wake, hata hivyo, huuliza kwanza kama wafanyakazi watafika na mzigo utatoka mvua ikinyesha. Hapo ndipo tunapokwama. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa Jangwani, mabasi ya mwendokasi ya Kimara hayafiki Kivukoni, na jiji hukatika vipande viwili.

Daraja jipya la Jangwani na mradi wa kudhibiti mafuriko Bonde la Msimbazi tunaviunga mkono kwa moyo wote. Tunachokuandikia ni kile ambacho daraja halitakitibu: mifereji ya mitaani.

Chukua mfereji wa zege wenye upana wa mita 1 na kina cha mita 1, unaoteremka sentimita 50 kila mita 100. Ukiwa safi, hupitisha takribani mita za ujazo 2.3 kwa sekunde. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja, ikinyesha kwenye hekta 10 za mabati na lami, huleta mita za ujazo 1.4 kwa sekunde. Mfereji unatosha, na nafasi inabaki. Sasa ujaze mchanga nusu ya kina. Wengi hudhani umebaki na nusu ya uwezo, kumbe umebaki na asilimia 41 hivi, kwa sababu maji machache husuguana zaidi na sakafu na kuta. Unapitisha mita za ujazo 0.9 tu kwa sekunde. Mvua ile ile, mfereji ule ule, na nyumba za watu zimeingia maji. Hakuna aliyekosea hesabu wakati wa kujenga. Kilichokosekana ni chepe na lori.

Lori ndilo husahaulika zaidi. Nusu mita ya mchanga kwenye mfereji huo wenye urefu wa mita 500 ni mita za ujazo 250, yaani safari 25 za lori la mita za ujazo 10. Vijana huzibua vizuri, wanarundika tope ukingoni, lori haliji, na mvua ya kwanza inarudisha tope lote ndani. Tunaomba mkandarasi alipwe kwa mita za ujazo zilizopokelewa na kupimwa dampo, asilipwe kwa urefu wa mfereji alioupitia. Kazi ianzie mdomoni, maji yanakomwagikia, ipande juu, la sivyo uchafu wa juu hauna pa kwenda. Na ikamilike Septemba, kabla ya vuli, kisha irudiwe Februari kabla ya masika. Mwaka wa fedha huanza Julai, kwa hiyo zabuni zisisubiri mawingu.

Mifuniko ya zege nayo ina lake. Sleb ya urefu wa sentimita 120, upana 30 na unene 10 ina kilo 86 hivi. Watu wawili wenye ndoano wanaiinua. Mfereji uliofunikwa kwa zege la moja kwa moja haufunguki, na usipofunguka hautazibuliwa kamwe. Vivyo hivyo nondo za kuzuia takataka mbele ya kalavati: ziwekwe kwa mwinamo, na pawe na jukwaa la mtu kusimama na kuvuta uchafu. Bila mtu wa kuzisafisha mvua inaponyesha, nondo hizo ndizo zitakazogeuka bwawa. Mabomba yanayokatiza katikati ya mfereji yahamishwe, kwani kila bomba hunasa mifuko. Katikati ya jiji kuna jambo jingine: maji bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yakijaa baharini, midomo ya mifereji hufungwa na bahari yenyewe. Vifuniko vya bawaba, vinavyofunguka maji yakitoka na kufunga bahari ikisukuma, husaidia, mradi vikaguliwe kabla ya kila bamvua. Chupa moja ikikwama, bahari inaingia.

Yote haya yanajulikana. Hayafanyiki kwa sababu mfereji mmoja una wenyewe wengi: wakala wa barabara TANROADS kwenye barabara kuu, mwenzake TARURA mtaani, halmashauri kwenye takataka. Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa mwaka 2021, na leo maji ya Msimbazi, yakitoka milima ya Pugu, huvuka mipaka ya halmashauri bila kuuliza. Ofisi yako ndiyo inayoweza kuwaketisha wote meza moja.

Singapore ilianza kusafisha mto wake mwaka 1977 ikamaliza 1987. Ilianzia kwenye vyanzo: wachuuzi walipewa masoko yenye maji na mfumo wa majitaka. Kwetu, wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha wanahitaji huduma ya kunyonya kwa bei wanayoimudu, kwenye vichochoro visivyopitika na gari. Kuwatoza faini peke yake hakutamaliza kipindupindu.

Tunaomba, kabla ya mwisho wa Julai, ramani moja ya mifereji ya mkoa, kila kipande kikiwa na jina la taasisi inayowajibika, tarehe ya kuzibuliwa na simu ya ofisi husika, ibandikwe kwenye kila ofisi ya kata.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wahandisi na mafundi wa mifereji, Dar es Salaam