Barua kwa walimu wa awali: mwanzisheni mtoto kwa jina lake

Wanangu walimu wa madarasa ya awali, hamjambo? Chaki nimeiweka chini siku nyingi, lakini juzi nimeona jambo limeninyima usingizi.

Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu shuleni. Ana miaka 5. Njia nzima huwa ananiimbia "ei fo epo, bii fo boli" mpaka zedi, hakosei. Siku hiyo mwalimu akamwambia, "Baraka, chukua daftari lako twende." Madaftari yako mezani, majina juu. Mtoto akasimama. Akafunua moja, akatazama picha za ndani, akalirudisha. Akafunua la pili, la tatu. La nne akalitambua kwa doa la chai. Mwaka mzima anaimba herufi, na jina lake mwenyewe halijui kwa macho!

Hilo epo watoto wetu wangapi wamelila? Jina mtoto amelisikia tangu ananyonya. Mwandikie Baraka, umempa b, r, k na a tatu kwa mkupuo mmoja. Mimi nilikuwa nakata maboksi ya sabuni, kila mtoto kadi yake. Asubuhi namwaga zote mkekani, anayeipata yake ndipo anakaa. Haukupita muda walikuwa wanaokota na za wenzao. Siku moja Asha akamlilia Amina, eti "kaniibia a yangu." Nikawakalisha pamoja, tukaenda kuitafuta a hiyo kwa Juma, tukaikuta mwishoni. Kwa Neema, mwishoni tena. Darasa zima likainuka kuitafuta, na Asha akanyamaza, akawa anawaonyesha wenzake ilipo.

Mtaniambia darasa lina watoto 80. Basi mna majina 80, karibu herufi zote zimo humo.

Tamkeni sauti, msitaje herufi kwa Kiingereza. Anayefundishwa "em" na "ei" ataipataje "ma"? Irabu zetu ni 5 tu na sauti zake hazibadiliki. Ch ya Chausiku na ny ya Nyamizi msizitenganishe. Herufi kubwa iwe ya mwanzo tu. Anayegeuza b ikawa d asichapwe.

Na ninyi wazazi, hapa nawasema kwa uchungu. Mnachagua shule kwa kusikiliza nyimbo za Kiingereza getini, lakini jina la mtoto mnaliacha liandikwe vyovyote. Anazaliwa Rehema, kwenye rejista anaingia Lehema, cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekifuatilia. Akishakuwa mtu mzima anazunguka kwa mawakili kula kiapo kwamba Rehema na Lehema ni mtu mmoja. Wamenijia wengi niliowafundisha, wameshika bahasha, wananiomba nishuhudie. Inaniuma, kwa sababu rejista nyingine ziliandikwa kwa mkono wangu, na sikumuuliza mama yake.

Ulizeni. Mwambieni mzazi aliandike mwenyewe. Asiyejua kuandika, alitamke polepole nanyi mmsomee silabi kwa silabi, Re-he-ma, mpaka aitikie.

Kadi ya Baraka nimeshaikata, nimeitoboa tundu la uzi. Jumatatu atakuja nayo shingoni. Mwalimu wake, nakuomba usimvue.